Land Rover ya Baba: Kabla ya Rangi, Tazama Mifupa

Ndugu msomaji, fikiri kwamba umefika nyumbani Rubafu, kaskazini ya mji wa Bukoba, kando ya Ziwa Victoria. Matanga yamekwisha, wageni wametawanyika, na sasa mmebaki watoto wa marehemu pamoja na mama yenu. Nyuma ya nyumba, pale kibanja kinapoanzia, chini ya turubai lililochakaa, imesimama Land Rover ya baba. Magurudumu yamezama katika nyasi. Majani makavu ya migomba yamejaa juu ya boneti. Ukifungua mlango, bado unasikia harufu ya magunia ya kahawa.

Gari hilo kijiji kizima kililijua kwa mlio wake. Lilipeleka kahawa mnadani, liliwahisha wajawazito hospitali usiku wa mvua, lilileta maharusi, na mara kadhaa lilirudisha nyumbani waliofia mbali. Sasa mwenyewe hayupo, nalo limebaki mikononi mwenu.

Mmekaa barazani kushauriana. Kaka mkubwa, afanyaye kazi Dar es Salaam, ndiye anayeanza. "Jamani, tutafute fundi wa rangi. Krismasi ikifika gari liwe linang'aa, wajukuu walipande wakamkumbuke babu yao." Mdogo wenu aliyebaki nyumbani anataka jambo jingine. "Mimi naona lirudi kazini, kaka. Ndizi zinaoza hapa kwa kukosa usafiri." Ndipo dada anapouliza swali moja fupi: "Kaka, huko chini kukoje?"

Hakuna anayemjibu, kwa sababu hakuna aliyewahi kuinama akatazama. Mama yenu amenyamaza, naye ndiye aliyekuwa akilifunika turubai kila jioni.

Mfano huu si wa nyumba moja tu. Magari ya namna hii, ya miaka ya 1960, 1970 na 1980, yamelala nyuma ya nyumba nyingi nchini mwetu, na kila mwaka warithi hukutana kuyajadili. Wengi huanza na rangi, hali rangi yapaswa kuwa mwisho. Makala haya yanakusudia kujibu swali la dada yule: huko chini kukoje, na tufanye nini kwa mpango?

CHUMA HUTAMANI KURUDI UDONGONI

Kwanza tumfahamu adui. Kutu si uchafu uliogandamana juu ya chuma hata uweze kuoshwa ukaisha. Kutu ni chuma chenyewe kilichogeuka. Chuma kikikutana na maji na hewa ya oksijeni, huungana navyo kikawa kitu kingine, chekundu, chepesi kuvunjika, kisicho na nguvu. Tena kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Ndiyo sababu mabati mawili yaliyochomelewa pamoja huvimba na kuachana pale kutu inapoingia katikati yake.

Watu wa Kagera wana haki ya kulielewa jambo hili kuliko wengi. Mwaka 1978 wataalamu wawili, Peter Schmidt na Donald Avery, walitangaza katika jarida la Science kwamba mababu wa Wahaya walikuwa wakiyeyusha chuma cha hali ya juu katika eneo la magharibi ya Ziwa Victoria kiasi cha miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita. Wazee waliowahi kuifanya kazi hiyo ujanani walijenga tena tanuru, wakaweka nyasi za kinamasi zilizounguzwa, wakavukuta, na chuma kikapatikana. Walichokuwa wakikiweka tanurini ni mawe mekundu ya udongo wetu, ambayo kwa asili yake ni ndugu wa kutu. Moto na makaa viliondoa oksijeni, kikabaki chuma.

Kwa hiyo kutu ni safari ile ile ya tanuru ikirudi kinyumenyume. Chuma kilitolewa udongoni kwa jasho, nacho kikiachwa bila ulinzi hurudi udongoni kwa hiari yake. Kinachohitaji ni maji, hewa na muda.

Na maji Bukoba hayana uhaba. Mji ule hupata mvua ya takriban milimita 2,000 kwa mwaka, hali Dodoma hupata karibu theluthi moja tu ya kiasi hicho. Ni kweli kwamba maji ya Ziwa Victoria hayana chumvi, na kwa hilo gari la Rubafu lina nafuu kuliko gari la Tanga au Unguja, ambako upepo wa bahari huharakisha kutu. Lakini tope letu jekundu lina ubaya wake. Huingia ndani ya chesisi kupitia vitundu, hujikusanya pembeni, hushika unyevu hata wakati wa kiangazi, na huko ndani hula chuma bila mtu kuona. Gari likisimama majanini kwa miaka, halina jua la kulikausha upande wa chini. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.

GARI LENYE SURA MBILI

Land Rover ina hila yake, na hila hiyo imewadanganya warithi wengi. Gari hili lilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani, na chuma kilikuwa kikitolewa kwa mgawo. Alumini ilipatikana kwa urahisi zaidi. Basi waundaji wakaamua kwamba sehemu kubwa ya bodi iwe ya mchanganyiko wa alumini, na chesisi ibaki ya chuma. Mpango huo uliendelea katika matoleo yote matatu ya mwanzo hadi mwaka 1985, na kwa jumla hata katika yale yaliyofuata, mpaka gari la mwisho la uzao huo lilipotoka kiwandani Solihull tarehe 29 Januari 2016.

Matokeo yake ni nini? Alumini haipati kutu nyekundu kama chuma. Mrithi hulizunguka gari, hugonga boneti na ubavu kwa kidole, haoni tundu, naye husema: "Baba alilitunza." Huenda kweli baba alilitunza. Lakini alichokigonga ni nguo, hakikuwa mwili. Mwili uko chini: boriti mbili ndefu za chuma zilizo kama sanduku lenye uwazi ndani, boriti za kukingama zinazoziunganisha, na mikono inayotokeza pembeni ili kuibeba bodi. Springi, ekseli, usukani, injini na watu waliomo ndani, vyote vinategemea mifupa hiyo.

Kuna na sehemu nyingine ya chuma iliyojificha: ukuta wa mbele, ule unaotenganisha injini na miguu ya dereva. Ukuta huo hubeba bawaba za milango, usukani na pedeli za breki. Maji ya mvua yapitayo chini ya kioo cha mbele huishia hapo, na sakafu ya miguu huwa ya kwanza kutoboka.

Na pale alumini inapogusana na chuma kwa bolti au ribiti, unyevu ukiwapo, madini hayo mawili hayapatani. Alumini huliwa ikageuka unga mweupe. Usishangae basi kuona mlango ulioonekana mzima ukiachia kwenye kingo zake.

Wakazi wa Bukoba watakumbuka tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016. Nyumba nyingi zilipasuka. Mwenye busara hakukimbilia kununua chokaa ya kufunika ufa. Aliuliza kwanza kama msingi umesimama. Gari la urithi lataka busara ile ile.

NYUNDO, BISIBISI NA CHAKI

Uchunguzi wa kwanza hauhitaji fedha nyingi. Wahitaji siku mbili za jua, nyundo ndogo, bisibisi la zamani, brashi ya waya, chaki, tochi na daftari. Chagua kiangazi, maana chuma kilicholowa huficha nyufa.

Usiliwashe gari kwanza wala usilivute kwa trekta. Ikiwa mahali springi inaposhikilia pameoza, mvuto mmoja waweza kulipindisha. Linyanyue taratibu, ulipumzishe juu ya magogo mazito yaliyokatwa sawasawa au vigingi vya chuma vya gereji. Kamwe usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake, wala matofali. Tofali hupasuka bila kutoa taarifa. Watoto wawe mbali.

Kisha kwangua tope lote. Osha, uache likauke hadi kesho. Siku ya pili anza nyuma ya gari, uende mbele, upande mmoja kwanza na kisha wa pili. Gonga kila kiganja cha chesisi kwa nyundo. Chuma kizima hulia, hutoa sauti kali yenye mwangwi. Chuma kilichooza hutoa sauti ya kufa, kama unagonga kigogo chenye mchwa. Mahali penye sauti ya kufa, sukuma kwa bisibisi. Likipenya, weka alama ya msalaba kwa chaki. Pasipopenya lakini pamechubuka, weka duara.

Yako maeneo ambayo hupaswi kuyapita kwa haraka. La kwanza ni boriti ya kukingama ya nyuma kabisa, inayopokea tope la magurudumu yote. La pili ni pale springi zinaposhikizwa kwenye chesisi, mbele na nyuma. La tatu ni mgongo wa chesisi unaopanda juu ya ekseli ya nyuma. La nne ni ile mikono ya kubebea bodi. La tano ni ukuta wa mbele na sakafu ya miguu. La sita ni paipu za breki, ambazo nazo ni za chuma; paipu iliyoliwa yaweza kupasuka siku ile utakapokanyaga breki kwa nguvu zaidi.

Chora chesisi katika daftari, hata kama mchoro wako si mzuri, unakili kila msalaba na kila duara. Piga picha kwa simu. Picha hizo zitamfaa ndugu aliye Dar es Salaam kuliko maneno mengi.

MADARAJA MATATU

Ukisha kuchora, yagawe uliyoyaona katika madaraja matatu.

Daraja la kwanza ni kutu ya juu. Chuma kimekuwa chekundu, lakini kinalia kikigongwa. Hiyo husuguliwa kwa brashi ya waya hadi chuma kionekane, hupakwa rangi ya kuzuia kutu, kisha rangi ya juu. Ni kazi ambayo familia yaweza kuifanya kwa mikono yake. Lakini jihadhari na rangi ya zamani, kwani huenda ina madini ya risasi, na vumbi lake hudhuru watoto. Msasa utumike pamoja na maji, wala kazi isifanyike karibu na jiko.

Daraja la pili ni kutu iliyotoboa mahali pasipobeba uzito mkubwa, kama sakafu ya miguu. Hapo huna budi kukata kipande kilichooza mpaka ufikie chuma kizima, na kuchomelea kipya.

Daraja la tatu ni kutu iliyovunja nguvu: kwenye springi, kwenye usukani, kwenye mgongo wa chesisi, kwenye bawaba za ukuta wa mbele. Hapa hapana mzaha. Gari lenye msalaba mmoja wa namna hii halifai kubeba mtu hata hadi sokoni, hata kama injini yake inaimba.

Na hapa ndipo udanganyifu unapofanyika. Wako mafundi ambao hujaza shimo kwa fila, ule uji mzito wa kuzibia mabonde ya bodi, wakapiga msasa na rangi nyeusi, na mwenye gari akafurahi. Fila haina nguvu ya kubeba chochote. Wengine huchomelea kipande cha bati la paa. Chuma cha chesisi ya gari hili kina unene wa takriban milimita 2. Bati la kuezekea nyumba kwa kawaida halifiki hata nusu milimita. Kiraka hicho chaweza kukatika barabarani, tena kwenye kona, gari likiwa limejaa.

Kanuni ni mbili, nazo ni rahisi kuzishika. Kiraka kiwe na unene uleule wa chuma cha asili. Na kishikwe kwenye chuma kizima, kwani ukichomelea chuma kipya juu ya kilichooza umeshona kiraka kwenye nguo iliyooza: uzi hushika, nguo hupasuka.

NANI MWENYE GARI?

Kabla ya senti moja kutoka mfukoni, familia ijiulize gari hili ni la nani sasa. Marehemu hana sahihi. Hati ya gari ingali kwa jina lake, na ili ibadilishwe katika Mamlaka ya Mapato, TRA, lazima awepo msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama. Kwa mirathi ya kimila au ya Kiislamu, Mahakama ya Mwanzo inalo jukumu hilo. Ndugu akitumia fedha zake nyingi kulitengeneza gari kabla ya jambo hili kumalizika, mara nyingi hugeuka kuwa mdai wa ndugu zake, na chombo cha baba kikawa chanzo cha ugomvi.

Katika kikao hicho dada wasiachwe nje wakipika. Zamani katika sehemu zetu mrithi mkuu alikuwa mtoto wa kiume, na sauti ya binti haikuhesabiwa. Lakini mwaka 1990 Mahakama Kuu huko Mwanza, mbele ya Jaji James Mwalusanya, iliamua katika shauri lililotoka Uhayani kwamba mwanamke anayo haki sawa na mwanamume juu ya ardhi ya ukoo aliyoirithi. Ikiwa ni hivyo kwa ardhi, kwa gari je? Na kumbuka, katika mfano wetu, ni dada aliyeuliza swali la maana kuliko yote.

Jambo jingine ni namba. Namba ya chesisi imegongwa kwenye chuma chenyewe, na ndiyo kitambulisho cha gari mbele ya sheria. Kabla fundi hajawasha mashine ya kusaga, itafute namba hiyo, isafishe kwa upole, ipige picha, uilinganishe na hati. Ikiwa iko mahali palipooza, au ikiwa mnafikiria kubadili chesisi nzima, nendeni kwanza TRA na polisi mkaulize utaratibu. Gari lisilo na namba laweza kudhaniwa la wizi, hata kama kijiji kizima kinajua lilikuwa la baba yenu.

MALI BILA DAFTARI

Sasa twende kwenye mpango wenyewe. Magari mengi ya urithi hayafi kwa kutu. Hufa kwa kufunguliwa yote siku moja. Ndugu hukusanya mafundi, bodi hushushwa, injini hutolewa, nati hutiwa kwenye makopo. Fedha huisha mwezi wa pili, na baada ya miaka mitatu hakuna ajuaye nati ipi ya wapi.

Basi gawa kazi katika hatua, na kila hatua imalizike kabla ya nyingine kuanza. Hatua ya kwanza iwe chesisi. Ya pili, ukuta wa mbele na sakafu. Ya tatu, springi, usukani na breki zote pamoja na paipu zake. Ya nne, injini na umeme. Ya tano, bodi. Ya sita, na ya mwisho kabisa, rangi. Fedha zikikatika baada ya hatua ya pili, bado mnayo chesisi nzima iliyopakwa rangi, ambayo yaweza kungoja mwaka mzima bila kuharibika. Lakini aliyeanza na rangi, fedha zikikatika anabaki na gari linalong'aa lisiloweza kubeba mtu.

Katika daftari piga safu tatu: kazi, vifaa, na gharama. Waombe mafundi wawili tofauti wakadirie kila kazi, wakiwa wametazama mchoro wako na kugonga wenyewe kwa nyundo. Kisha ongeza theluthi moja juu ya makadirio, kwa ajili ya kutu isiyoonekana mpaka chuma kikatwe. Haikosi kuwapo. Jumla ikizidi uwezo wenu, ni heri mjue leo mkiwa barazani kuliko mwaka ujao mkiwa na deni.

Linganisha pia njia tatu: kuchomelea viraka, kubadili kipande kizima, au kubadili chesisi yote. Misalaba ikiwa minne au mitano, viraka vyatosha. Boriti ya nyuma ikiwa imekwisha, ni nafuu kuibadili nzima kuliko kuibandika vipande kumi. Na misalaba ikijaa pande zote, fundi mwaminifu atakuambia utafute chesisi nyingine, ama ya gari lililokufa injini lakini zima chini, ama mpya. Uingereza bado viko viwanda vidogo vinavyounda chesisi za magari haya na kuzichovya katika zinki, ila gharama ya kuisafirisha hadi Bukoba, pamoja na ushuru, si ya mchezo. Wengi wa upande wetu hutafuta vipuri Mwanza, au Kampala kwa kupitia Mutukula. Atakayekwenda huko akumbuke forodha na stakabadhi.

Mapatano na fundi yaandikwe: kazi gani, chuma cha unene gani, malipo kwa hatua, na kwamba hakuna kiraka kitakachopakwa rangi kabla ya mwenye gari kukiona. Sharti hilo la mwisho lina thamani kuliko yote.

SIKU YA KUKATA

Siku ya kuchomelea ikifika, mwenye gari awepo. Betri itolewe. Tanki la petroli, ambalo katika gari hili hukaa chini ya kiti, litolewe pia na kupelekwa mbali. Usidanganyike kwamba tanki tupu halina hatari. Mvuke wa petroli uliochanganyika na hewa ndio unaolipuka, kwa hiyo tanki tupu laweza kuua kuliko lililojaa. Ndoo za mchanga ziwekwe karibu. Asiye na kioo cha kujikinga asitazame moto ule, na watoto hasa. Chuma kilichopakwa zinki kisichomelewe ndani ya chumba, maana moshi wake hudhuru.

Chesisi ishikiliwe sehemu nyingi ili isilegee, na vipimo vichukuliwe kabla ya kukata. Njia ya zamani ingali bora: pima kwa mshazari, kutoka kona ya mbele kushoto hadi ya nyuma kulia, kisha kona zile nyingine mbili. Vipimo viwili vikilingana, chesisi iko sawa. Pima tena baada ya kila kazi. Wala usikubali pande mbili zikatwe kwa pamoja, kwani gari laweza kupinda, nalo likisha kupinda litakula tairi na kuvuta upande mmoja maisha yake yote.

Kazi ikiisha, vitundu vya kutolea maji chini ya chesisi visafishwe, visizibwe na rangi. Ndani ya boriti itiwe nta au grisi nyepesi ya kuzuia kutu. Mazoea ya kumwaga oli chafu tuyaache. Yadhuru ngozi, na mvua huipeleka kibanjani na hatimaye ziwani, tunakochota maji na samaki. Kati ya alumini na chuma wekwe mpira au rangi nzito. Na gari lijengewe kibanda chenye sakafu kavu, mbali na migomba. Kibanda cha miti na mabati ni rahisi kuliko kiraka chochote.

IKIWA JIBU NI HAPANA

Huenda, ndugu msomaji, daftari litakuambia kwamba haiwezekani. Misalaba ni mingi, fedha ni chache, na watoto wana ada za shule. Hilo si aibu, wala si kumkosea marehemu. Yako mambo matatu ya heshima mnayoweza kufanya. Mwaweza kuliuza kwa mtu mwenye uwezo, mkimweleza kweli yote na kumwonyesha mchoro. Mwaweza kuliweka likingoje, likiwa kavu na juu ya magogo, mpaka uwezo upatikane. Au mwaweza kutoa vipuri vyake vizima vikayaponye magari mengine. Katika eneo la Solai, Kaunti ya Nakuru nchini Kenya, Land Rover za zamani bado zinabeba mazao ya wakulima, na magari mengi ya namna hiyo yanaishi kwa viungo vya wenzake waliokufa.

Jambo moja tu lisilo la heshima ni kulipaka rangi, kulipakia wajukuu, na kuliingiza barabarani huku mkijua, au mkikataa kujua, hali ya mifupa yake. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inakataza gari bovu kutembea, lakini hata pasingekuwa na sheria, baba yule aliyewahisha wagonjwa usiku wa mvua asingependa gari lake liwe sababu ya kilio kingine nyumbani kwake.

Turudi barazani Rubafu. Usibishane na kaka juu ya rangi, wala usimvunje moyo mdogo wako juu ya ndizi zake. Mwombe kila mmoja nguvu za siku mbili tu. Mmoja ashike nyundo, mmoja chaki, dada ashike daftari. Mwiteni na mama. Mwekeeni kiti kivulini. Yeye anajua gari liligonga nini mwaka gani, liliwahi kuzama tope wapi, na fundi yupi alichomelea nini. Huenda mkagundua kwamba kile alichokuwa akikifunika turubai kila jioni anakijua kuliko ninyi nyote.

Kisha mgonge, msikilize. Usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini kwanza yakupasa kuuona ufa huo. Rangi ina siku yake, nayo itafika. Chagueni hata sasa iwe ya kijani au ya kijivu. Ila isipakwe mpaka chesisi yote, toka mwanzo hadi mwisho, ilie kwa sauti moja.